UJUMBE MFUPI WA SIMU NA MWANAFUNZI WA CHUO KIKUU

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike maneno machache juu ya kazi yangu. Nimekubali kwa furaha, maana mimi nami nilisoma katika shule hii, nikalala katika mabweni haya haya mnayolala ninyi, na gazeti hili nilikuwa nikilingojea kila muhula. Sasa ni karani katika ofisi ya udahili na usajili ya chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Kazi yangu kubwa ni kuwaarifu vijana habari zao: kwamba wamechaguliwa, kwamba yawapasa kuthibitisha, kwamba siku ya kufika chuoni ni fulani, na kwamba karatasi fulani imekosekana. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa barua. Siku hizi hufanywa sana kwa ujumbe mfupi wa simu.

Watu wengi hudhani kuwa hiyo ni kazi rahisi, ya kubonyeza tu. Mimi nami nilidhani hivyo, mpaka siku nilipomkosesha kijana mmoja mwaka mzima wa masomo. Habari hiyo nitaieleza, ijapokuwa hainipi sifa, kwa sababu ndani yake mna mafunzo kwa mwanafunzi, kwa mzazi na kwa mwalimu. Lakini kwanza yafaa tuelewe ujumbe huu ni kitu gani na husafiri namna gani.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwezi Oktoba 1961, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na wanafunzi 13 tu, wote wa sheria. Wanafunzi 13 waweza kuwaita kwa majina ukiwa umesimama mlangoni. Leo chuo kimoja hupokea maelfu ya vijana kwa mwaka, nao wakati wa kuchaguliwa wametawanyika nchi nzima: huyu yuko Kigoma anavua dagaa na mjomba wake, yule yuko Mbinga anachuma kahawa, na mwingine yuko mjini akiuza duka la dada yake. Barua itamfikia nani kati yao, na lini? Ndiyo maana vyuo vikauchukua ujumbe wa simu. Hauhitaji sanduku la posta, wala intaneti, wala simu ya bei kubwa. Kitochi cha shilingi chache chatosha kuupokea.

Kipimo cha ujumbe huu kilitengenezwa Ulaya. Mwaka 1985 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Friedhelm Hillebrand, alikaa nyumbani kwake mjini Bonn na mashine ya kupigia taipu. Akaandika sentensi za kila namna, salamu na maswali ya kawaida, akahesabu herufi zake. Akaona kwamba karibu zote zilikwisha kabla ya kufika herufi 160. Basi 160 ikawa ndiyo kipimo, pamoja na nafasi na alama zote. Ujumbe wa kwanza ulipelekwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Kijana mhandisi, Neil Papworth, aliuandika kwenye kompyuta kuipelekea simu ya Richard Jarvis, nao ulikuwa salamu ya heri ya Krismasi, basi.

Ukizidisha herufi 160, simu haikatai. Huukata ujumbe wako vipande, na kila kipande huwa na nafasi ya herufi 153 tu, kwa maana nafasi zilizobaki hutumika kueleza kipande hiki ni cha kwanza, cha pili au cha tatu. Tena ukitia kikaragosi kimoja cha kucheka, au alama isiyomo katika orodha ya kawaida ya herufi, nafasi hupungua kutoka 160 mpaka 70. Mtu aliyetaka kupendeza kwa kikaragosi kimoja amejinyima zaidi ya nusu ya karatasi yake!

Jambo la pili la kujua ni kwamba ujumbe hauendi moja kwa moja kutoka simu hata simu. Kwanza huingia katika kituo cha ujumbe cha kampuni ya simu, ukakaa pale kama kifurushi kilichomo posta. Simu ya mwenyewe ikiwa wazi na mtandao ukiwapo, hupelekwa mara moja. Simu ikiwa imezimwa, ujumbe hungoja. Ikiwa haikuwashwa mpaka muda uliowekwa ukapita, ujumbe hutupwa, wala mwenyewe hatajua kwamba aliandikiwa. Basi neno hili "umepelekwa" si sawa na "umefika", na "umefika" si sawa na "umesomwa", na "umesomwa" si sawa na "umeeleweka". Ngazi ni nne, na karani mvivu huishia ya kwanza.

Mimi nilikuwa karani huyo.

Ilikuwa Novemba 2019. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wakisajiliwa, na nikaambiwa niwakumbushe siku ya mwisho. Nikaandika kwa Kiingereza cha ofisini, chenye adabu nyingi na maneno marefu. Mwanzo niliweka salamu za chuo na kutaja uamuzi wa kikao fulani. Katikati nikapanga karatasi zote zinazotakiwa. Mwisho kabisa, baada ya maneno mengine ya heshima, nikaweka siku. Ujumbe wangu ukawa vipande vitatu. Nikabonyeza, nikaona kwenye kompyuta kwamba umepelekwa kwa wote, nikaenda kunywa chai.

Siku ya nne baada ya usajili kufungwa, kijana mmoja aliingia ofisini. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi, na begi lake lilifungwa kwa kamba ya katani.

"Shikamoo, kaka," akasema.

"Marahaba. Mbona umechelewa hivi, mdogo wangu? Hukupata ujumbe?"

"Niliupata, kaka. Huu hapa. Nimeusoma mara nyingi."

Akanipa kitochi chake. Nikasoma. Kipande cha kwanza kilikuwamo, na salamu zangu zote. Kipande cha pili kilikuwamo. Cha tatu hakikuwamo. Simu ile ilikuwa kongwe, na nafasi ya kuweka ujumbe ilikuwa imejaa. Vipande viwili vikapata pa kukaa, na kile chenye siku kikakosa.

Nikamwuliza kwa nini hakupiga simu kuuliza. Akasema ujumbe ulitoka kwa jina la chuo, si kwa namba, naye alipojaribu kuujibu simu ilikataa. Kisha akaniambia neno ambalo mpaka leo sijalisahau: "Baba alikuwa akingoja malipo ya kahawa ndipo apate nauli. Kama tungalijua siku, tungaliuza mbuzi."

Nilikwenda naye kwa mkubwa wangu. Mzee yule alisoma ujumbe wote, pole pole, kisha akautazama uso wangu. Akasema, "Hapa hukuandika ili usomwe. Uliandika ili ionekane umeandika." Lakini kanuni ilikuwa kanuni, na nafasi za kozi ile zilikuwa zimekwisha kugawiwa. Kijana akarudi kwao. Mwaka uliofuata aliomba tena akapata chuo kingine. Alinipelekea habari hiyo kwa ujumbe, akasema asante. Asante ile sikuistahili.

Tangu siku hiyo ofisi yetu ilibadili mwendo. Sasa kila ujumbe huanza kwa jina la mwenyewe, ili ajue kwamba ni yeye anayesemeshwa. Kisha huja jambo moja tu, na siku yake na saa yake, mapema, si mwisho. Lugha huwa Kiswahili chepesi. Chini huwekwa ofisi inayoandika. Tuseme mwanafunzi anaitwa Asha. Leo ningemwandikia hivi:

"Asha, mwisho wa kusajiliwa ni Ijumaa 8 Novemba saa 9 alasiri. Njoo na cheti cha Kidato cha 4 na cha kuzaliwa. Una shida? Jibu ujumbe huu. Ofisi ya Usajili."

Hesabuni herufi zake pamoja na nafasi: ni 155. Umeingia katika kipande kimoja, na kila neno lina kazi yake.

Mtaona nimeandika "jibu ujumbe huu". Hapo pana jambo. Ujumbe unaotoka kwa jina la chuo una heshima, lakini hauna njia ya kurudi. Ni kama mtu anayesema nawe kutoka nyuma ya ukuta. Sisi sasa tunaandika kutoka namba ya ofisi, na namba hiyo tumeibandika kwenye mbao za matangazo na kuichapa katika maelekezo ya kujiunga, ili kijana akiiona aitambue. Na mtu mmoja amepewa kazi ya kusoma majibu. Tena hatupeleki ujumbe usiku. Anayeamshwa saa 5 za usiku na simu huanza kufikiri msiba.

Je, mambo haya ni mawazo ya karani mmoja tu? Sivyo. Huko Marekani wenye elimu wameyapima, kwa kuwa nao wana taabu iliyo kama yetu. Kijana humaliza shule, huchaguliwa chuo, kisha katika miezi ya kungoja hupotea njiani: hakujaza fomu ya msaada wa fedha, hakulipa amana ya chumba, hakuelewa barua. Chuo kikifunguliwa, hayupo.

Wakati wa likizo ya mwaka 2012 wataalamu wawili, Benjamin Castleman na Lindsay Page, waliwapelekea vijana wa miji kadhaa ujumbe mfupi wa kuwakumbusha kazi za kufanya, mmoja baada ya mmoja, na ndani yake wakawaambia kwamba wakitaka msaada wa mshauri wajibu. Gharama yake ilikuwa kama dola 7 kwa kila mwanafunzi. Katika miji ya Lawrence na Springfield, jimbo la Massachusetts, ambako vijana hawakuwa na watu wengi wa kuwasaidia, walioingia chuo waliongezeka kiasi cha 7 katika kila 100. Boston, ambako misaada ilikuwa mingi tangu zamani, ujumbe haukuongeza kitu cha kuonekana. Basi twajifunza kwamba ujumbe humfaa zaidi yule asiye na mtu wa kumwuliza.

Chuo Kikuu cha Georgia State, mjini Atlanta, nacho kiliona kwamba mwaka 2015 karibu vijana 19 katika kila 100 waliokwisha kusema watakuja hawakutokea. Mwaka 2016 kikaweka programu ya kompyuta inayojibu maswali kwa ujumbe wa simu mchana na usiku. Kiliipa jina la Pounce. Katika miezi ile ya likizo ilijibu maswali zaidi ya 200,000, na yale iliyoshindwa yalipelekwa kwa watumishi wa chuo. Idadi ya waliopotea ilipungua kwa sehemu kama ya tano. Hapa wanafunzi wengi waliuliza mambo ambayo wangaliona haya kumwuliza mtu usoni. Nanyi mnajua, ndugu zangu, ni maswali mangapi hufia kifuani kwa sababu ya haya.

Lakini si kila ujumbe hufaulu. Jaribio jingine kubwa la huko huko Marekani, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021, liliwahusu wanafunzi zaidi ya 800,000. Walikumbushwa kuomba msaada wa fedha za masomo. Matokeo yake yalikuwa karibu na sifuri: waliokumbushwa hawakuingia chuo zaidi ya wasiokumbushwa. Kwa nini? Walioandika walikuwa mashirika makubwa yaliyo mbali na kijana, na maneno yalikuwa ya watu wote. Mimi nasadiki sababu iko hapo. Maneno ya mtu unayemjua, yanayohusu jambo lako wewe, huyasikiliza. Maneno ya mgeni aliye mbali, anayesema na watu laki nane kwa pamoja, huyapita kama tangazo la sabuni.

Mpaka hapa nimewalaumu wanaoandika. Sasa niruhusuni niseme na wanaoandikiwa, maana ujumbe una ncha mbili.

Wengi wenu mwajua kwamba nchini kwetu maombi ya kuingia chuo hupelekwa kwa chuo chenyewe, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania husimamia. Kijana akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, hana budi kuthibitisha kimoja tu ndani ya siku zilizowekwa. Ili athibitishe hupelekewa namba maalumu ya siri kwa ujumbe mfupi wa simu au kwa barua pepe, kwa namba au anwani ile ile aliyoiandika wakati wa kuomba. Asipothibitisha, nafasi yaweza kumponyoka. Kwa hiyo namba ya simu uliyoijaza katika fomu ile ndiyo mlango wako. Ukiandika mlango wa jirani, hodi itapigwa kwa jirani.

Mwaka 2021, katika siku ya mwisho ya kuthibitisha, binti mmoja alifika ofisini kwetu mchana pamoja na shangazi yake. Alikuwa amechaguliwa na vyuo viwili, na chetu ndicho alichokitaka. Hakuwa na namba ya siri. Nilipoifungua fomu yake nikamsomea namba ya simu iliyomo. Akanitazama tu. Hakuijua.

Tukaulizana pole pole mpaka tukapata ukweli. Alipoomba hakuwa na simu. Alijaziwa fomu katika duka la stesheneri mjini, na mwenye duka, kwa wema wake au kwa haraka yake, akaandika namba yake mwenyewe. Alikuwa amewajazia watoto wengi namna hiyo. Tulimpigia. Akasema, "Ujumbe wa vyuo ulikuja mwingi, mzee, nami sikujua upi ni wa nani. Nilifuta nipate nafasi." Hakuwa mtu mbaya. Lakini ndani ya kufuta kule mlikuwa na miaka 13 ya kusoma ya mtoto wa mtu.

Kwa bahati njia ya kusaidia ilikuwapo. Tulihakiki jina lake na namba yake ya mtihani, tukabadili namba ya simu tukaweka ya shangazi, kisha tukaomba namba ya siri ipelekwe tena. Tukakaa. Shangazi alikiweka kitochi juu ya meza yangu, nasi watu wazima watatu na binti mmoja tukakitazama kama watu wanaongojea uji uchemke. Saa 10 na dakika chache kikalia. Nikamfungulia kompyuta, akathibitisha mwenyewe kwa mkono wake. Shangazi akashika kichwa, akasema, "Yaani ni hiki tu?" Naam, ni hicho tu. Lakini angalifika kesho yake asubuhi, sijui ningalimjibu nini.

Basi wadogo zangu wa Kidato cha Sita, shikeni haya.

Kwanza, namba utakayoandika iwe yako, au ya mtu wa nyumbani unayelala naye nyumba moja. Isiwe ya mwenye duka, wala ya rafiki. Kama fomu yaruhusu namba mbili, andika zote mbili. Iandike namba hiyo katika daftari lako pia, maana kuna wanaosahau.

Pili, laini iwe imesajiliwa kwa jina la mwenyewe kwa kitambulisho cha taifa na alama za vidole. Waweza kuhakiki kwa kupiga *106#. Ukiipoteza laini iliyosajiliwa kwa jina lako, utaweza kuirudisha. Na usiitupe ile laini mpaka uwe umekwisha kusajiliwa chuoni na kubadili namba katika kumbukumbu zao. Namba iliyokaa muda mrefu bila kutumiwa hufungwa, na baadaye yaweza kupewa mtu mwingine. Hapo mgeni atapokea habari zako.

Tatu, toa takataka simuni. Futa ujumbe wa zamani usio na maana, ili mpya upate pa kukaa. Na ujumbe wenye siku au namba, unakili kwenye karatasi siku ile ile. Karatasi haiishiwi chaji.

Nne, usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, hata akisema yeye ndiye mkuu wa chuo. Matapeli hawalali. Huandika, "Hongera, umepata nafasi, tuma fedha kwenye namba hii ili tusikukate." Chuo cha serikali hakipokei ada kwa simu ya mtu, hutoa namba maalumu ya malipo, nawe hulipa kwa namba hiyo benki au kwa simu. Ukiandikiwa na tapeli, usimjibu. Ripoti kwa namba 15040.

Tano, usipoelewa, uliza. Swali moja laweza kukuokolea mwaka.

Kwa wazazi wetu wapendwa, nasema hivi kwa heshima. Mtoto wenu akiwa shuleni hana simu, na ni sheria njema. Kwa hiyo simu ya baba au mama ndiyo sanduku lake la barua. Ujumbe ukija wenye jina la mtoto, usifutwe, wala usingoje mpaka Jumapili. Kama macho hayasomi vizuri, aitwe jirani anayeaminika ausome. Na kama simu huachwa dukani kuchajiwa kwa umeme wa jua, mwenye duka aambiwe kwamba mnangojea habari ya chuo. Nimewajua wazazi waliopanda mlima kila jioni kutafuta mtandao katika miezi hiyo, na sina neno la kuwatosha kwa kuwasifu.

Kwa walimu wangu, wengi wao bado wapo na watacheka kuona mimi nawafundisha, naomba mambo mawili tu. La kwanza: kabla Kidato cha Sita hawajatawanyika mwezi Mei, waandikeni katika daftari moja namba watakazopatikana nazo, na ya mtu wa nyumbani. Daftari hilo lifungiwe kabatini, maana namba ya mtu ni mali yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yakataza kuigawa ovyo. Chuo kikimtafuta kijana kikamkosa, aghalabu huuliza shule. La pili: katika kipindi cha ufupisho, wapeni zoezi la kuandika habari nzima kwa herufi 160. Ni kazi ngumu kuliko insha ya kurasa mbili. Mwanafunzi atakayeweza kumwambia mwenziwe nini, wapi, lini, na nani amesema, ndani ya nafasi hiyo ndogo, amejifunza kufikiri.

Sasa nami niseme mipaka ya kitu hiki, nisije nikaonekana nakiabudu. Yako mambo ambayo hayafai kuandikwa kwa ujumbe. Kijana aliyeshindwa mtihani na kuondolewa chuo hapaswi kuijua habari hiyo akiwa amesimama ndani ya daladala. Habari ya msiba hailetwi kwa herufi 160. Shauri la nidhamu lataka watu wakutane uso kwa uso. Katika mambo hayo sisi huandika tu, "Tafadhali fika ofisini kesho saa 3 asubuhi, au tupigie," kisha tunatengeneza viti viwili na kufunga mlango. Na siku hizi wanafunzi walio chuoni huarifiana sana kwa makundi ya WhatsApp. Ni jambo zuri, lakini huhitaji simu kubwa na bando, na mwanafunzi mpya hayumo bado katika kundi lolote. Yeye ana kitochi tu, na sisi.

Sisi Waswahili tuna adabu moja ya zamani. Mtu akifika nyumba ya watu husema hodi, kisha husimama akingoja karibu. Asipojibiwa husema tena, hata mara tatu. Mtu asemaye hodi mara moja kwa sauti ya chini, kisha akaenda zake akasema kwamba amekwisha kuwatembelea, tungemwitaje? Ujumbe mfupi ni hodi tu. Anayeupeleka hana budi kusimama na kungoja jibu, na aliyemo ndani hana budi kuwa na mlango unaojulikana, na kuitika.

Mimi mwaka ule wa 2019 nilisema hodi nikaondoka. Nisingependa mmoja wenu, ndugu zangu wa shule hii, abaki ndani bila kusikia. Basi mwezi wa Mei ukifika, mkitoka katika lango letu na masanduku yenu, kila mmoja awe ana namba yake na aijue. Nasi huko ofisini tutapiga hodi, na mkitujibu tutawasikia.

Nawatakia heri katika mitihani yenu.